Kitangulizi

Usianze na kitambaa cha mtu.
Hilo ndilo neno la kwanza la Bi Mastura
kabla hajaniuliza jina, kabla hajanionyesha
choo kiko upande gani, chai anachemsha nani.
Cherehani hii, alisema, akiigonga shingo Kipepeo yake nyeusi,
huamka na njaa.
Ukiipa pembe ya mfarishi, itaimeza,
uzi utajisokota chini kama kiota cha mnana,
na mwenye mali atakuja akutazame hivi.
Akanitazama hivyo.

Basi mpe kwanza kitu cha kutafuna.

Akachovya mkono katika kopo la samli lisilo na samli,
akatoa kipande, upana wa vidole vitatu,
rangi ya kaki.
Kanyaga. Nikakanyaga.
Sindano ikayumba juu ya kaki, ikakohoa, ikatulia,
na hapo hapo, uzi haujakatwa,
nikasukuma vipande vyenyewe nyuma yake
vikafuatana kama watoto nyuma ya lori la mananasi.

Mwisho wa mshono, kipande kingine.
Mshono usiishie hewani, binti.
Kata katikati. Kilichokuwa nyuma
kimebaki chini ya sindano: ndicho cha mbele sasa.

Hesabu hiyo niliielewa,
mimi niliyerudishwa nyumbani kwa karo ya muhula mmoja.

Sikuuliza kaki ilikuwa ya nani.
Bombo ina kaki nyingi.
Alfajiri tarumbeta ya kambini ikilia
tulikuwa tumeshafungua mlango,
gunia la mabaki kutoka Kiyembe limelala kizingitini:
vitenge, mikono ya gomesi, pindo za gurbaba,
shuka iliyopigwa muhuri wa hospitali.
Tulishona mfarishi wa bibi arusi wa Luweero,
mfarishi wa afande aliyehamishiwa Moroto
akaapa huko usiku kuna baridi (hakulipa),
mfarishi wa mapacha waliozaliwa mmoja.
Na kila mmoja ulianza na kaki
na kila mmoja uliisha na kaki
na hakuna hata mmoja uliokwenda na kaki.

Kitu kimoja tu alikuwa mkali nacho.
Nikiweka kipande kimoja chini ya sindano, alinipiga kofi la kiganja:
Kama unashona taka, shona taka mbili,
zipate jirani.
Kwa hiyo mbili. Kisha mbili juu ya mbili.
Nilizitupa koponi bila kuziangalia.
Mkono ulikuwa wangu, macho yalikuwa kwenye kazi ya watu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa mvua, kopo likakataa kufunga.
Bi Mastura akalimwaga mkekani,
akapiga magoti, akaanza kuzisogeza,
nne kwa nne, kaki kwa ua la kitenge,
kaki kwa shuka ya hospitali,
mpaka mkeka ukapotea.
Nilisimama na mkasi mkononi.
Mfarishi mzima. Haukuagizwa, haukupimwa,
tuliushona sisi tukishona mingine.

Ulipungua pembe moja.

Akaenda chumbani, akakaa.
Nilisikia sanduku, nikasikia bawaba zake.
Akarudi na mfuko wa shati, wa kifuani,
kaki, kifungo chake bado kimefungwa,
na juu ya kifungo alama ya uzi
mahali jina lilipokuwa limefumuliwa.

Anza na hiki, akasema.

Mguu wangu ulikataa. Miaka mitatu,
na mguu haujui kukanyaga.
Akachota chai yake, akapuliza, akasubiri.
Nje mvua ilikuwa imeshuka kwenye mabati
na mtu alikuwa anapiga kelele kuhusu kuku wake.

Kanyaga, Zamzamu. Si nguo tena.
Ni kitangulizi.

Nikakanyaga.
Sindano ikayumba, ikakohoa, ikatulia,
na nyuma ya mfuko, uzi haujakatwa,
nikasukuma kazi iliyokuwa zamu yake:
foronya sita za mama wa Wobulenzi,
aliyelipa nusu.